Umefuta histori ya brauza lakini bado inaonekana? Tafuta tatizo lako hapa

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki. Mtu kafuta histori kwenye simu yake, kaona kwa macho yake orodha imebaki tupu, alafu siku mbili baadae anaandika herufi moja tu pale juu na ile tovuti aliyoifuta inajitokeza tena. Mwingine anafungua hali fiche (ile incognito) akiamini sasa hakuna anayemuona, kumbe kazini kwake wanaona kila tovuti anayoingia. Brauza haijaharibika. Ni kwamba hiki kitu tunachokiita histori kimekaa sehemu nne tofauti, kwenye kifaa chako, kwenye akaunti yako, kwenye mtandao unaopitia, na kwenye tovuti uliyoitembelea, na kile kitufe cha kufuta kinagusa ya kwanza, saa nyingine na kipande cha ya pili, basi. Kwahiyo kila dalili hapa chini swali ni lilelile, hii unayoiona inatoka sehemu ipi kati ya hizo nne.

"Nimefuta, nikirudi nazikuta palepale"

Anza na muda. Ukifungua sehemu ya kufuta kwenye Chrome, Edge au Firefox ya kompyuta, ambayo inafunguka kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja (Mac ni Command badala ya Ctrl), kuna mahali inakuuliza ifute kuanzia lini, na mara nyingi inakuja ikiwa imeshajiweka kwenye saa moja iliyopita. Unabonyeza futa, inafuta kweli, ila imefuta ya saa moja tu na ya jana yote yapo. Badilisha iwe wakati wote. Alafu hakikisha umetiki histori yenyewe, maana kuna watu wanatiki kuki (vijiandishi ambavyo tovuti zinaviacha kwako) na picha zilizohifadhiwa wakaacha kile kisanduku chenye kazi.

Kama muda uko sawa, angalia vichupo (zile tab) vilivyo wazi. Hiki kinasahaulika mno. Kufuta histori kwenye Chrome ya kompyuta hakufungi vichupo ulivyoviacha wazi, sasa kama umeiweka brauza iendelee pale ulipoishia, ukiiwasha kesho inaufungua ule ukurasa tena na unaingia upya kwenye histori kama umeutembelea leo. Funga vichupo kwanza ndo ufute, usianze kwa kufuta. Kwenye simu ni hivohivo na zaidi, kwasababu vichupo vya simu havionekani mbele yako, mtu anaweza kuwa na vichupo vya miezi sita nyuma na hajui.

Sababu nyingine ni usawazishaji, yaani simu na kompyuta zako kupeana kumbukumbu kupitia akaunti moja. Ukifuta kwenye kifaa ambacho kimeingia kwenye akaunti na usawazishaji umewashwa, Chrome inaondoa kwenye akaunti na kwenye vifaa vyako vingine pia, na Safari, brauza ya Apple, inafanya hivo kupitia iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Ila watu wengi wanafanya kinyume, wanatoka kwenye akaunti kwanza wakidhani ndo usalama, alafu wanafuta. Hapo umefuta nakala ya kifaa hicho tu, ile ya kwenye akaunti haijaguswa, siku ukiingia tena kila kitu kinashuka upya. Ingia kwenye akaunti, hakikisha usawazishaji unafanya kazi na mtandao upo, futa wakati wote, subiri kidogo, ndo ukague kifaa cha pili. Hicho cha pili kama kilikuwa kimezimwa kitaendelea kuonyesha ya zamani mpaka kiwake na kipate mtandao.

Na kuna wanaofuta kwenye brauza ambayo sio yenyewe. Ukibonyeza linki ndani ya Facebook au Instagram, mara nyingi inafunguka ndani ya apu hiyohiyo, kwenye kibrauza chake kidogo ambacho kina kuki zake na kumbukumbu zake. Unaweza kusafisha Chrome mpaka ing'ae, hayo ya ndani ya apu hayajaguswa, yanafutwa kwenye setingi za apu yenyewe. Kama simu yako ilikuja na brauza ya kampuni iliyotengeneza simu na wewe ukaongeza Chrome, basi una brauza mbili na histori mbili, zikague zote.

Kuna na kinyume chake, mtu anatafuta ukurasa aliousoma mwaka jana haupo na hakumbuki kufuta. Hapo hakuna aliyekuingilia, orodha ya Chrome inaonyesha siku 90 zilizopita, za nyuma ya hapo zinaondoka zenyewe.

"Nikiandika herufi moja tu inajitokeza"

Hii ndo inayowaaibisha watu mbele za wengine, unampa mtu simu aangalie kitu kimoja, anaandika herufi ya kwanza na mapendekezo yanashuka. Mapendekezo hayo yanatoka sehemu kadhaa kwa pamoja na ndo maana kufuta histori peke yake hakutoshi.

Angalia alama iliyo pembeni ya pendekezo. Ikiwa ni nyota, hiyo ni alamisho, tovuti uliyoisevu mwenyewe kwa makusudi, na kufuta histori hakugusi alamisho hata siku moja, itafute kwenye orodha ya alamisho uitoe. Ikiwa ni saa, hiyo inatokana na ulichotafuta au kufungua zamani. Ikiwa ni lensi ya kutafutia, mara nyingi ni pendekezo la injini ya utafutaji, linaweza kuwa kitu ambacho watu wengine wanatafuta na wewe hujawahi kukiandika maishani mwako, kwahiyo usimuhukumu mtu kwa mapendekezo ya namna hiyo, naongea hili kwa uzito kabisa maana nimeona watu wakigombana kwa kitu ambacho mwenye simu hakukifanya.

Kuondoa pendekezo moja bila kufuta vingine, kwenye kompyuta ya Windows shuka kwa mshale mpaka juu yake alafu bonyeza Shift na Delete, inatoweka. Kwenye Chrome ya Android ligandamize kwa muda, litakuuliza kama uliondoe.

Saa nyingine tatizo sio brauza, ni kibodi. Kibodi ya simu inajifunza maneno unayoyaandika mara kwa mara na inayaleta juu ya herufi hata ukiwa unaandika meseji kwa mzazi wako. Ingia kwenye setingi za kibodi utafute sehemu ya kufuta maneno iliyojifunza. Gboard, kibodi ya Google, ukiwa ndani ya hali fiche ya Chrome inaacha kujifunza, ila ulichoandika nje ya hapo imeshakishika.

"Simu safi, ila nikiingia Google yote yapo"

Hapa tumetoka kwenye kifaa, tumeingia kwenye akaunti. Orodha ya Chrome na kumbukumbu za akaunti ya Google ni madaftari mawili tofauti. Daftari la pili linaitwa Shughuli Zangu, liko myactivity.google.com, na linaandika ulichotafuta, video ulizoangalia YouTube na mengine mengi kutegemea umewasha nini. Kufuta la kwanza hakufuti la pili. Fungua hiyo anuani ukiwa umeingia kwenye akaunti, utaona kwa tarehe na saa, unaweza kufuta kimoja kimoja, siku nzima, au vyote.

Ushauri wangu usiishie kufuta, weka ufutaji wa kujiendesha. Kuna chaguo la miezi 3, 18 au 36, kila kinachofikisha umri huo kinaondoka. Tangu 2020 akaunti mpya zinakuja zimewekwa miezi 18 kwa ulichotafuta na miezi 36 kwa YouTube, lakini aliyefungua akaunti zamani na hajawahi kugusa hizo setingi inawezekana kabisa ana kumbukumbu za tangu alipoanza. Mi nilivyofungua yangu mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu, kulikuwa na maswali ya kiafya niliyouliza usiku nikiwa na hofu, na saa imeandikwa. Nikachagua miezi 3 palepale. Na kama hutaki kabisa iandike, ukurasa huohuo una sehemu ya kuizima.

Kila huduma nyingine kubwa ina daftari lake. Facebook ina kumbukumbu ya ulichotafuta, maduka ya mtandaoni yana ulichoangalia, na yote hayo yako kwenye seva zao, brauza haina mkono wa kufika huko.

"Naona histori ambayo sio yangu"

Usipuuze hii. Ilinipata mimi, nikaanza kuona kwenye simu yangu tovuti za kutafuta vifaa vya mtoto mchanga na nyumbani hatuna mtoto. Nilidhani nimedukuliwa. Ikaja kujulikana kwamba kuna kompyuta niliitumia sehemu niliyokuwa nafanya kazi zamani, niliingia kwenye akaunti nikachapa karatasi mbili nikaondoka, sikutoka kwenye akaunti. Aliyerithi ile kompyuta alikuwa anaperuzi ndani ya akaunti yangu bila kujua. Na kama mimi naona yake, yeye alikuwa na uwezo wa kuona yangu, pamoja na pasiwedi nilizosevu. Hapo ndo nilipoelewa uzito wake.

Ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, kuna orodha ya vifaa vyako vyote vilivyoingia. Soma kimoja kimoja, usichokitambua au usichokitumia tena kitoe, haihitaji uwe nacho mkononi. Alafu badilisha pasiwedi. Akaunti ya Apple nayo ina orodha kama hiyo kwenye setingi za iPhone ukibonyeza jina lako pale juu. Fanya hivyo hata kama huna dalili yoyote, vifaa vya zamani ulivyouza au kumpa ndugu vinaweza kuwa bado vimo.

Na ukilazimika kutumia kompyuta ya mtu, usiingie kwenye brauza yake, fungua dirisha la mgeni kwenye Chrome, liko pale kwenye picha ya wasifu juu kulia, ukilifunga linaondoka na kila kitu chako na pia wewe huoni vya mwenye kompyuta. Nalipenda kuliko hali fiche kwa kazi hii.

"Kitufe cha kufuta kimefifia, au hali fiche haipo kabisa"

Kwenye iPhone, ikiwa pale Safari maandishi ya kufuta histori yamekuwa ya kijivu na hayabonyezeki, karibu mara zote ni Muda wa Skrini (Screen Time), setingi ya iPhone ya kuweka vikwazo. Vikwazo vya maudhui vikishawashwa kwenye tovuti, hata kile cha kuzuia tovuti za watu wazima tu, simu inazuia kufuta histori na inaondoa kuperuzi kwa faragha kwa pamoja. Ondoa hicho kikwazo kama wewe ndo mwenye namba ya siri yake, kama aliiweka mzazi basi ni mazungumzo ya wewe na mzazi.

Kwenye Chrome, akaunti ya mtoto inayosimamiwa na Family Link, huduma ya Google kwa wazazi, haina hali fiche, na hiyo ni makusudi. Kwa mtu mzima, fungua vidoti vitatu uangalie chini kabisa ya menyu, ukikuta maandishi kwamba brauza inasimamiwa na shirika, maana yake kuna sheria zimewekwa na wenye mashine, wanaweza kuzima hali fiche na wanaweza kuzuia kufuta histori. Andika chrome://policy kwenye sehemu ya anuani utaziona zote. Mashine ikiwa ya kazini au shuleni iache ilivyo. Ila ikiwa ni ya kwako binafsi na hujawahi kuiunganisha na kazi yoyote, hapo inabidi uchunguze, kuna programu za kulinda virusi zinazoweka sheria zao na kuna programu mbaya zinazofanya hivyohivyo ili zikubadilishie injini ya utafutaji. Angalia programu ulizoweka karibuni na viongezi vya brauza, ondoa usichokijua.

"Nimefuta, sasa nimetolewa kila sehemu"

Ulitiki kuki. Kuki ni kijiandishi kidogo ambacho tovuti inakiacha kwako ili ikukumbuke, zilibuniwa 1994 na Lou Montulli alipokuwa Netscape kwasababu tovuti zilikuwa hazina namna ya kujua kwamba aliyefungua ukurasa huu ndo yuleyule aliyefungua ule wa mwanzo. Ukizifuta tovuti zinakuona mgeni, kwahiyo zinakuomba pasiwedi, namba ya uthibitisho, saa nyingine zinakutumia barua pepe kwamba kuna kifaa kipya kimeingia. Hiyo barua usiishtukie kama imekuja dakika uliyoingia wewe mwenyewe, lakini usibonyeze linki iliyomo, nenda kwenye tovuti yenyewe ukahakikishe.

Kama nia yako ilikuwa ni kuficha ulipopita tu, tiki histori peke yake uache kuki. Kama tatizo lako ni tovuti moja inayoonyesha ukurasa wa zamani au imevurugika, hata histori usiiguse, bonyeza Ctrl, Shift na R ili ivute upya, ikishindikana futa data ya tovuti hiyo moja kupitia setingi za tovuti. Watu wanafuta kila kitu kwa tatizo la ukurasa mmoja alafu wanahangaika na pasiwedi wiki nzima.

Tahadhari kubwa ni kile kisanduku cha pasiwedi kama brauza yako inacho kwenye ukurasa wa kufuta. Ukikitiki na usawazishaji umewashwa, pasiwedi zinaondoka kwenye akaunti na vifaa vyote, na brauza haina jalala la kwenda kuziokota. Soma kila kisanduku kabla ya kubonyeza.

Kurasa kuwa nzito mara ya kwanza baada ya kufuta ni kawaida, picha zinashuka upya. Na kama ulifuta ukitegemea simu iliyojaa ipate nafasi, histori yenyewe ni faili dogo sana, kinachokula nafasi ni picha zilizohifadhiwa na mafaili uliyoshusha, anzia huko.

"Nilitumia hali fiche lakini wamejua"

Chrome wanaiita hali fiche, Edge InPrivate, Safari na Firefox wanaita kuperuzi kwa faragha. Safari ndo ilitangulia mwaka 2005, Chrome ikafuata 2008 na Firefox 2009. Zote ahadi yake ni moja na ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ukifunga dirisha, kifaa hiki hakibaki na orodha, kuki, wala ulichojaza kwenye fomu. Hakuna ahadi nyingine. Sasa tuangalie waliojua wamejuaje.

Ni mtu wa nyumbani? Kagua mafaili uliyoshusha, ukishusha kitu ndani ya hali fiche orodha ya upakuaji inaondoka ila faili lenyewe limebaki kwenye folda. Alamisho ulizosevu nazo zinabaki. Au hukulifunga dirisha, kwenye Android vichupo vya hali fiche vinakaa mpaka uvifunge na kuna arifa inabaki juu ya simu ikikuambia uvifunge vyote. Chrome ya Android ina setingi ya kuvitia kufuli ya alama ya kidole ukitoka kwenye apu, na iPhone kuanzia iOS 17 inatia kufuli vichupo vya faragha vya Safari kwa uso au namba ya siri. Washa hizo.

Ulifunga dirisha moja, ukafungua jingine, ukakuta bado umeingia kwenye akaunti? Ndani ya Chrome na Firefox madirisha yote ya faragha yanatumia kuki za pamoja, kikao kinaisha dirisha la mwisho likifungwa. Safari ndo inatenga kila kichupo peke yake.

Ni matangazo yanakufuata? Swali la kwanza, uliingia kwenye akaunti yoyote humo ndani? Ukishaingia Google au Facebook ndani ya hali fiche umejitambulisha kwa jina, wanaandika kwenye akaunti yako kama kawaida. Na hata usipoingia, tovuti inaona anuani yako ya IP, namba inayotambulisha mtandao unaotumia, ambayo nyumba nzima yenye waifai moja mnaishiriki, kwahiyo tangazo linaweza kumtokea hata mwenzio mnayekaa wote. Kuna kesi ilifunguliwa Marekani mwaka 2020 dhidi ya Google kwa jambo hilihili, kwamba watu walikuwa kwenye hali fiche na bado taarifa zao zilikuwa zinakusanywa kupitia zana za Google zilizopachikwa kwenye tovuti nyingine. Kwenye makubaliano yaliyowekwa wazi Aprili 2024 Google ilikubali kuharibu mabilioni ya rekodi na kuandika wazi zaidi kwenye ule ukurasa mweusi wa hali fiche kwamba haibadilishi namna tovuti zinavyokusanya taarifa. Ule ukurasa usome, umeandikwa kwa ajili yako.

Ni kazini au shuleni? Hapo ndo sehemu ya tatu, mtandao. Ombi lako linapita kwenye rauta yao, hali fiche haifanyi chochote kuhusu njia. Tovuti nyingi sasa zinatumia https, njia inayofunga mawasiliano yasisomeke njiani, kwahiyo mwenye mtandao anaona jina la tovuti uliyoingia na saa, haoni ukurasa gani wala ulichoandika. Lakini kama mashine yenyewe ni yao wanaweza kuwa wameweka cheti au programu inayoona mpaka ndani. VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva zake, inamficha mwenye mtandao hayo majina ila inamkabidhi mwenye VPN, umebadilisha wa kumuamini tu, na VPN za bure sizishauri kwa mtu mwenye siri ya kweli. Jambo la binafsi lifanye kwenye simu yako kwa data yako.

Mambo mawili madogo. Tovuti ikikataa kufanya kazi ndani ya hali fiche, Chrome humo inazuia kuki za watu wa tatu, yaani za tovuti nyingine zilizopachikwa humo, unaweza kuruhusu kwa tovuti hiyo moja. Na skrinishoti ikitoka nyeusi au ikikataa kwenye Chrome ya Android, simu ni nzima, hali fiche inazuia skrinishoti kwa makusudi.

"Histori nimefuta, arifa za ajabu bado zinakuja"

Siku moja ulibonyeza ruhusu kwenye tovuti fulani. Ruhusa sio histori. Nenda setingi za tovuti, arifa, uone orodha ya walioruhusiwa, zuia zote usizozijua. Dakika mbili tu, na utapumzika.

"Kuna mtu anapekua simu yangu"

Hili nimeliacha mwisho kwasababu linahitaji utulivu. Kama unaishi na mtu anayekuchunguza na unamuogopa, na unatafuta msaada mtandaoni, usifute histori yote. Orodha tupu ni ujumbe, mtu wa namna hiyo akikuta leo hakuna kitu atauliza unaficha nini. Futa kurasa husika tu, fungua histori, ile tovuti moja iondoe peke yake, acha vingine vyote vya kawaida vilivyo. Usisahau daftari la akaunti na mapendekezo ya herufi ya kwanza, tumeyapitia juu.

Kama anajua vitu ambavyo havikuwahi kuwepo kwenye histori, mfano uliandika kwenye hali fiche na ukafunga, basi inawezekana kuna programu ya upelelezi kwenye simu, na programu ya namna hiyo inaona skrini na vidole vyako, haijali uko hali gani. Inawezekana pia ameingia kwenye akaunti yako kutoka kwenye kifaa chake, ile orodha ya vifaa itakuonyesha. Ila usikimbilie kuitoa programu au kumtoa kwenye akaunti siku hiyohiyo, atajua mara moja kwamba umegundua, na kwa baadhi ya watu hapo ndo hatari inapoanza. Tafuta kwanza simu nyingine ambayo hajawahi kuishika, ya mtu unayemuamini kabisa, fungua humo dirisha la faragha, usiingie kwenye akaunti yako yoyote, utafute msaada kutoka huko, na simu yako iendelee kuonekana kama siku zote mpaka uwe sehemu salama.